Mbwa wa Mtani Wangu

Nilimchukia mtu mmoja kwa misimu mitatu ya mavuno, na ninaandika haya nikiwa bado sijamaliza kumchukia. Alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za bibi za bibi zetu: wao wanatuzika sisi, sisi tunawazika wao, na msibani tunatukanana mpaka wafiwa wacheke. Mtani akikuita mchawi, unacheka. Akiingia bandani akachukua kuku wako, unacheka. Ukikasirika umeshindwa, na wanawake watakutungia wimbo wa kutwangia.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Bagamoyo, ukishika njia ya Fukayosi. Hiyo ni miaka ya mwisho kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao mjini. Misafara ya pembe ilipita kila kiangazi, na mume wangu alifuatana na mmoja, mzigo begani, hakurudi. Aliniacha na mabinti wawili wadogo, shamba la muhogo na mahindi nililorithi kwa mama yangu, na mbwa jike mwekundu mwenye sikio moja lililochanika. Watu walinicheka. Mwanamke mzima, kutwa anaongozana na mbwa! Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na ndiye aliyenifundisha hizi herufi, aliwajibu kwamba mbwa wa shamba ameruhusiwa vitabuni. Kisha akaniambia kando, "Lakini mkeka wangu asiukaribie."

Asiyewahi kulima karibu na pori hajui nguruwe. Wakiingia kumi shambani, asubuhi huna muhogo, una mashimo. Mbwa yule aliwasikia kabla hawajavuka kijito. Alibweka mara mbili tu, nikapiga debe langu bovu, wakarudi walikotoka. Mimi na wanangu tulikula kwa sababu yake, wala sioni haya kulisema.

Kila alasiri nilimpeleka shambani, kila asubuhi nilimrudisha, na kila mara kwa kamba. Jumbe wetu ndiye aliyeamuru. Mzee mmoja alikuwa njiani kwenda kusali, mbwa wa mtu akamgusa kanzu kwa pua mbichi, ikambidi arudi nyumbani afue mara saba, mara moja kwa udongo, na sala ikampita. Kuanzia siku hiyo kila mbwa apitaye kijijini ilikuwa lazima ashikwe kamba mpaka nyumba ya mwisho. Mimi kamba yangu niliifuata mwenyewe Mbegani, ya makumbi ya nazi, kwa sababu za magome zinakatika.

Kijiji kizima kilitii isipokuwa mtani. Yeye alikuwa na dume la madoa, shingo nene, kichwa kama kinu, na alimwacha atembee atakavyo. Jumbe alipomkumbusha alijibu, "Mbwa wangu muungwana. Kamba ni za watumwa." Alilisema hilo kando ya njia ileile tuliyozoea kuona watu wakiteremshwa Bagamoyo wamefungwa shingo kwa shingo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana yeye ni mtani wangu na maneno alikuwa akinitupia mimi.

Nyumba yake ilikuwa baina ya msikiti na njia ya shamba langu, kwa hiyo hapakuwa na pa kupita ila mbele ya baraza lake. Nilijifunza kila hila. Nilipita mapema, dume alikuwepo. Nilipita nimechelewa, alikuwepo. Nilimweka mbwa wangu upande wa ukuta, mimi nikawa upande wa njia, fimbo mkononi, nikitembea kwa mwendo uleule bila kumtazama dume machoni. Nilibeba majivu kwenye kifuu nimrushie usoni akisogea mno. Na nilipofika kwenye wembamba wa njia nilipaza sauti: "Mtani, mshike mbwa wako!"

"Hang'ati," alikuwa akijibu, amejilaza barazani. "Anakusalimu tu."

Dume alinisalimu kwa kunizunguka na manyoya ya mgongo yamesimama. Mbwa wangu alikuwa akitetemeka mpaka nikausikia mtetemeko kwenye kamba. Nami nilipoogopa niliikunja kamba mkononi, nikamvuta karibu na mguu wangu. Niliona ndiyo njia ya kumlinda.

Lazima niseme na hili, kwa kuwa baadaye litakuwa na uzito. Mtani hakuwahi kuniambia neno la kweli. Wiki moja kabla ya siku ninayoieleza nilipita kwake na mtungi wa maji kichwani, akaruka kutoka barazani akipiga kelele, "Nyoka, mtani! Nyoka mgongoni!" Niliutupa mtungi, ukavunjika vipande. Nyoka hakuwepo. Mtani alicheka mpaka akaketi chini, na mimi nimelowa nguo nzima nikacheka naye.

Siku yenyewe mahindi yalikuwa yamekomaa. Nilipita alasiri. Dume hakuzunguka safari hii, alikuja moja kwa moja kutoka nyuma ya banda bila sauti. Nikafanya nilivyozoea. Nikaikunja kamba, mara moja, mara mbili, mara tatu, kichwa cha mbwa wangu kikawa juu, shingo wazi, miguu ya mbele haigusi sawasawa ardhi. Dume akamshika hapo shingoni. Fimbo ilivunjikia mgongoni mwake, majivu yakapeperuka yakanirudia machoni. Nikamsikia mtani akipiga kelele kutoka barazani, "Achia kamba, mtani! Achia kamba! Achia!"

Sikuachia. Nilijua anataka nionekane mjinga tena, mbwa akimbie, nami nimkimbilie kijiji kizima mbele ya wanaume watokao kusali. Nilivuta zaidi. Mbwa wangu hakuweza kugeuka wala kuuma. Mtani alipofika na mchi na kumpiga dume akaachia, kamba yangu ilikuwa imebadilika rangi.

Mbwa wangu alikufa siku ya tatu. Na siku hiyo mtani akaja uani kwangu na jembe begani na kipande cha shuka nyeupe, akilia kwa sauti ya kike: "Uwiii, mtani wangu kafiwa! Nani atamwosha marehemu? Mara saba, na udongo!" Nyuma yake watu ishirini, tayari wanajishika mbavu. Watani ndio wazikao, basi amekuja kumzika mbwa wangu. Akamviringisha katika ile shuka, akachimba chini ya uzio, akamsomea sifa: alikuwa mkimya, hakuiba, hakumsengenya mtu. Mkubwa wa mabinti zangu aliniangalia aone nitafanya nini.

Nilicheka. Sijajisamehe kwa kile kicheko mpaka leo. Kilinitoka chenyewe, kwa mazoea, na uani kote wakapokea.

Kesho yake nilikwenda kwa jumbe. Nikamshika miguu, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, alipokuja kuzika, ulifanya nini?"

"Nilicheka, jumbe."

"Basi ulikubali kuwa ni utani, na mtani hashitakiwi. Siku atakayosema kwa kinywa chake, mbele yangu, kwamba haukuwa utani, njoo. Hapo patakuwa na kesi."

Nguruwe hawakungoja hata wiki. Walimaliza mahindi, wakarudi kwa muhogo. Msimu ule wanangu walikula ndiga, mizizi ya porini ambayo usipoiloweka siku nyingi inakulevya, na mdogo alilewa, akatapika siku mbili mikononi mwangu. Mtani alipita, akaona, akaleta kapu la mtama. "Chakula cha marehemu," akasema, akiangaliaangalia uzio. Nikaupokea, maana wanangu wana njaa, na roho ikaniuma zaidi kwa kuupokea. Kamba niliichomeka darini pamoja na damu yake, sikuifua. Kila nilipowasha moto nilitazama juu.

Nilitaka kitu kimoja tu. Sikutaka kapu, sikutaka kuku. Nilitaka aseme: haukuwa utani. Na nilijua pa kumpatia. Msibani kwao mimi ndiye mtani, nami ndiye mwenye ruhusa ya kila kitu, na yeye ndiye atakayelazimika kucheka. Nilingoja mtu afe nyumbani kwake. Mungu anisamehe, nilikuwa nikiuliza hali za wazee wao kwa bidii, na watu wakanisifu kwa wema wangu.

Msimu wa tatu akafariki mjomba wake, mkubwa wa ukoo wao. Tulimzika sisi watani kama ipasavyo. Nilitulia siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu, asubuhi ya kuanua matanga, wageni walijaa uani, wengine wametoka vijiji vya mbali na mbwa wao wa kuwindia kwa hofu ya chui njiani, na kwa kuwa ni msiba mbwa hao walizurura bila kamba. Jumbe alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele. Mtani, sasa yeye ndiye mrithi, alikuwa karibu naye, kichwa kimenyolewa. Dume la madoa alikuwa amelala mlangoni. Alikuwa amezeeka kidogo na mtani alimpenda kuliko alivyowahi kukiri. Kila mlo alimlisha kwa mkono wake mwenyewe.

Nikaingia na kamba yangu. Wanawake walipoiona wakaanza kucheka, wakijua mtani kaja kuteka, kama watani wafanyavyo msibani: wanashika kitu cha wafiwa mpaka kigombolewe. Nikampa dume kipande cha nyama, na alipoinamisha kichwa nikamvika kitanzi.

Hajawahi kufungwa maisha yake. Aliruka, akaanguka chali, akalia kwa sauti ambayo sikutegemea kuisikia kwake. Uani wakashangilia. Mtani akainuka akicheka, kwa kuwa ni lazima acheke, mfiwa hakasiriki. Nilikitambua kile kicheko, kilikuwa changu.

"Mtani, umeteka. Sema nimgomboe kwa nini. Kuku?"

"Sitaki kuku."

"Mbuzi, basi."

"Sema mbele ya jumbe kwamba siku ile haukuwa utani."

Alicheka tena, mdomo tu. "Mbwa huyo anaogopa kamba, mtani. Mwachie."

"Anajifunza kusalimia tu," nikamwambia, na watu wakaangua kicheko. Lo, utamu wa neno lile! Nilikaa nalo misimu mitatu.

Nikaanza kumburuta kutoka uani. Kelele zake ziliwaita wale mbwa wa wageni. Wakaja wanne, watano, manyoya yamesimama, wakatuzunguka pale pale kwenye wembamba wa njia. Dume akajikunyata kwenye mguu wangu. Nikahisi mtetemeko kwenye kamba, uleule. Nami nikaikunja mkononi. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu, na kichwa chake kikawa juu, na nilijua vizuri kabisa ninachofanya.

Wa kwanza alimchana bega. Wa pili akakamata sikio. Vicheko vilikuwa vimekoma.

"Achia kamba!" Mtani alikuwa anakimbia, shuka inamdondoka. "Achia kamba, mtani!"

"Sema!"

"Haya! Haukuwa utani!" Alisimama mbele yangu, machozi yanamtoka, na jumbe na kijiji kizima nyuma yake wakisikia. "Siku ile haukuwa utani. Nilikuambia uachie kamba, na sikuwa natania. Nilikuambia mara tatu. Ungeachia angekimbia, alikuwa na mbio kuliko wangu. Hukuachia!"

Vidole vyangu vilifunguka vyenyewe. Dume alichomoka na kamba ikimfuata, akapita katikati ya wale mbwa, akapotelea mihogoni. Hakuna aliyemkamata. Tulimwona baadaye upande wa pili wa kijito, amesimama, anatazama nyuma.

Jumbe alikuja taratibu akiegemea fimbo yake. "Umesikia, mwanangu? Kasema kwa kinywa chake. Kesi ipo, na umeshinda. Unataka nini?"

Nilijaribu kucheka, sikuweza. Jumbe akaamua mwenyewe: mtoto wa mbwa kutoka uzao wa lile dume, jike, na mtani aniwekee uzio wa miba kuzunguka shamba lote. Vyote alivitimiza. Uzio aliujenga siku nne, bila utani hata mmoja, nami nilimletea maji ya kunywa kwa sababu nisingeweza kumwacha mtu juani.

Kijibwa kilipofikia umri wa shamba nilikipitisha kijijini kwa mara ya kwanza alasiri moja, kwa kamba, kama amri isemavyo. Niliishika kwa vidole viwili. Dume la madoa, sikio moja limechanika sasa, alikuwa barazani amefungwa kwenye nguzo. Mtani alikuwa amekaa karibu naye. Nilingoja anitupie neno. Nilipunguza mwendo kabisa, nikampa nafasi.

"Hujambo, mama," akasema, kama anavyomsalimu mgeni.

"Sijambo," nikajibu, nikapita.