Oketch Olsizoni na Tairi Lililobaki Ukweni

Hii hamtaiamini, na hakuna atakayewabembeleza. Watu mnaonunua dawa moja sokoni ya kutibu jino, minyoo na mapenzi, mkisikia habari ya kweli mnakunja uso. Sawa, kaeni na dawa yenu. Oketch yupo, pikapu yake ipo, na tairi lile lipo langoni kwa wakwe zake huko nyuma ya Kombewa. Mwenye miguu aende akatazame.

Oketch alikuwa dereva. Najua mnavyowaogopa madereva, mnawaita “bosi” hata kabla hawajawasha injini. Lakini dereva ni mtu aliyekaa tu. Anakaa kutwa nzima, gari linafanya kazi, jioni anashuka akijinyoosha na kusema amechoka. Huyu wetu alianza kama utingo wa lori la miwa, akining'inia nyuma kama shati lililoanikwa, mpaka mwenye lori akachoka kumwona huko nyuma akamweka mbele. Baadaye akapata pikapu yake mwenyewe, Peugeot iliyokuwa ya buluu kabla haijawa ya kutu, akawa anabeba marobota ya mitumba kutoka Kibuye kwenda Sondu. Tangu siku hiyo shingo yake haikugeuka tena kumtazama mtu anayekwenda kwa miguu. Ukimsalimia barabarani anakujibu kwa honi.

Basi mwaka wa tisini na mbili, mvua zikikaribia, matairi yake yalikuwa yamebaki ngozi. Akaenda kwa Mbarak, aliyekuwa anauza matairi yaliyotumika kando ya soko la Kibuye. Mbarak alikuwa anayapaka dawa nyeusi ya viatu, yanang'aa kama paji la uso la mchungaji siku ya harambee.

“Karibu, bwana dereva,” Mbarak akasema. “Haya hapa si ya kila mtu. Yametoka Ulaya. Ol-sizon. Majira yote.”

“Majira yote namna gani?”

“Mvua, jua, baridi, vumbi. Hubadilishi. Unafunga mara moja, unasahau.”

Oketch akainama. Ubavuni mwa tairi akaona herufi M na herufi S, katikati alama ya kujumlisha. “Na hii?”

Kiingereza cha Mbarak kilikuwa hakitoshi hata kuombea maji, lakini hajazaliwa mchuuzi wa Kibuye wa kushindwa na swali. “Masika na Siku za jua,” akasema. “Si unaona? Hata wazungu siku hizi wanatuandikia Kiswahili.”

“Mbona meno yake yameisha?”

“Hayajaisha, yamelala. Yakipata moto yanasimama.”

Na mtu mzima, mwenye ndevu, akaamini! Akafunga yote manne siku hiyo hiyo, akazunguka stendi akiwaonyesha wenzake zile herufi kwa kidole, kama mtu anayesomea watoto Biblia. Masika na Siku za jua. Kufikia Jumapili jina la baba yake lilikuwa limekufa, mji mzima unamwita Oketch Olsizoni. Wenzake walikuwa wanamcheka, yeye akadhani wanamsifu.

Siku za jua zikaanza kazi. Uwanda wa Kano wakati wa joto unaweza kukaanga yai kwenye lami, na hapo karibu na Ahero tairi la kwanza likapasuka kwa mshindo, kuku wa boma zima wakakimbilia mashambani. Akaenda kumlalamikia Mbarak. Mbarak akamjibu kwamba tairi lilikuwa bado linazoea nchi. Akampa jingine, na lenyewe limepakwa dawa ya viatu.

Ikaja mvua. Pale Kondele akakanyaga breki, pikapu ikamsikiliza kwa adabu, halafu ikaendelea na safari yake hadi ndani ya nyanya za mama mmoja. Siku nyingine alipeleka mzigo Kericho, na wakati wa kuteremka kurudi Sondu ikanyesha mvua ya mawe. Pikapu ikazunguka kama mlevi anayetafuta kofia yake, ikatulia imetazama Kericho. Pembeni yake alikuwa amekaa Nakhungu, mwenye marobota, ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

“Bwana Oketch,” Nakhungu akauliza polepole, “mbona tunatazama tulikotoka?”

“Nimeamua kugeuka niangalie kama kuna robota limeanguka.”

Ndivyo madereva walivyo. Gari likienda vizuri, ni mikono yao. Likienda mtaroni, ni serikali. Na Mbarak alipoambiwa habari ya ile mvua ya mawe hakupepesa jicho: “Mawe si majira, bwana. Soma tairi lako. Limeandikwa mawe wapi?”

Mtu pekee aliyemwambia ukweli alikuwa Wakoli, dereva wa lori, mwenye kutembea na minyororo ya kufunga kwenye magurudumu wakati wa matope. “Wewe Olsizoni,” Wakoli akasema, “chukua hii minyororo yangu ya zamani. Hizo tairi zako zitakuaibisha mahali siku moja.”

“Minyororo ni ya mbwa,” Oketch akajibu, akapandisha kioo. Kioo chenyewe kilipandishwa kwa mkono kutoka nje, kwa hiyo ilibidi ashuke kwanza.

Sasa sikilizeni shida yake. Oketch alikuwa anaishi mtaa wa Manyatta na msichana aitwaye Dorca, na kwa mama yake Dorca alikuwa hajapeleka ayie. Kwa wasiojua, ayie ni zawadi ambayo kwa Wajaluo mama wa msichana anapewa ili akubali, na neno lenyewe maana yake ni “nimekubali.” Bila hiyo, wewe ni mwizi wa kuku, ila kuku wako anajua kupika. Mama huyo aliitwa Agneta, mtu wa kanisa, mkono mzito, sauti ya kupigia ng'ombe. Pasaka Dorca alikwenda kusalimia nyumbani, Agneta akamkalisha asirudi. Huyo mtu alete ayie, akasema, la sivyo msichana atapelekwa kwa shangazi yake Nakuru akatafute kazi na mume mwenye akili.

Mwanaume mwingine angekwenda kimya kimya na blanketi lake kwapani. Oketch akatuma salamu kwamba atakuja Jumamosi, na ataingiza gari mpaka mlangoni, mvua inyeshe isinyeshe, kwa maana matairi yake ni ya majira yote.

Agneta akarudisha jibu. “Mwambieni gari likifika mlangoni, ataondoka na mke. Likibaki njiani, ataondoka na njia.”

Usiku ule Oketch alimkosa Dorca mpaka kwenye sufuria. Alikuwa amezoea kukuta ugali, akakuta mende. Hapo ndipo alipojua kwamba amelipachika jina lake lote kwenye meno ya Mbarak, na meno yenyewe bado yamelala. Lakini kwenda kuomba minyororo ya Wakoli? Afadhali kifo.

Jumamosi akavaa suruali nyeupe. Nyeupe! Mwezi wa nne! Akampakia mbele shangazi yake Lornah, mzungumzaji wa ukoo, aliyepakata kikapu chenye blanketi, sukari na bahasha ya ayie. Mpaka Kombewa jua lilikuwa linawaka na Oketch anapiga mluzi. Walipoiacha barabara kubwa kuelekea ziwani, wingu likaja kutoka majini, na mvua ikaanguka kama inalipwa.

“Oketch,” Lornah akasema, “hii gari inaenda upande.”

“Inatafuta njia, shangazi.”

“Imeshapata shamba ya watu.”

Akairudisha njiani. Ikakubali, ikakataa, ikakubali. Alikuwa ameshaliona paa la bati la wakwe, na Dorca amesimama barazani na gauni la maua, alipofika langoni. Pale udongo ulikuwa mweusi, mlaini, unanata kama ugali wa mtu mvivu. Pikapu ikaserereka kwa kituo, bila haraka, ikakaa kiubavu katikati ya lango. Akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, yakachimba, yakatulia. Kutoka hapo mpaka mlangoni ni hatua za mtoto.

Mzee Ouma, baba yake Dorca, akaja na mwavuli. Alikuwa amefanya kazi gereji ya reli ujana wake, na kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kusalimia. Aliinama akasoma tairi.

“Kijana, unajua hii imeandikwa nini?”

“Masika na Siku za jua, baba.”

Mzee akamtazama kwa ile huruma ambayo mtu humtazama nayo punda. “Hii ni Kiingereza, mud and snow, yaani matope na theluji. Theluji, ile barafu inayoanguka Ulaya. Hapa theluji hatuna. Matope tunayo, lakini tairi yako ni kama haijaambiwa.”

Oketch akatamani kiti kimmeze. Kushuka hawezi, kwa sababu ya suruali, na kwa sababu mama mkwe alikuwa anatazama; na kwa desturi yao mkwe hamkaribii mama mkwe ovyo, hamgusi, hata macho anayainamisha. Dorca akaingia ndani. Hilo ndilo lililomuuma. Alimwona ameingia ndani akiwa ameshika mdomo, na hakujua kama anacheka au analia.

Hapo ng'ombe wa Agneta wakarudi kutoka malishoni. Wakakuta lango limezibwa na pikapu, wakasimama kwenye mvua wanalia. Vijana wa boma wote walikuwa wamekwenda matangani, Mzee Ouma mgongo wake mbovu. Waliokuwepo ni akina mama wa kanisa, waliokuja kushuhudia ayie na kula.

“Ng'ombe zangu zitalala nje kwa sababu ya hii kopo?” Agneta akafoka kutoka barazani.

Shangazi Lornah akaona mwanya. Huyo mama hakusoma hata darasa moja, lakini angeweza kumuuzia Mbarak matairi. Akateremsha kioo, yaani akakisukuma kwa viganja, akatoa kichwa na kupaza sauti kila mtu asikie: “Mama Dorca! Sisi tumefika kwako, tunakuomba. Unakubali?”

Agneta akafikiri anaulizwa habari ya kusukuma. Akajifunga leso kiunoni, akaingia kwenye matope na wenzake nyuma yake, akaweka viganja juu ya kutu ile na kujibu kwa Kijaluo, kwa ile sauti ya ng'ombe: “Ayie!”

Wakasukuma. Oketch akakanyaga mafuta kwa moyo wote, mpumbavu, na magurudumu yakarusha matope yote ya Kombewa nyuma. Pikapu ikaruka, ikapita lango, ikateleza uani, ikasimama na pua yake imegusa kizingiti cha nyumba. Oketch akatazama kwenye kioo cha pembeni. Nyuma kulikuwa na nguzo ya udongo imesimama, ina macho mawili.

Nguzo ikaja mpaka dirishani kwake. Desturi ya kutotazamana ikafia hapo.

“Geuza gari,” Agneta akasema. “Hakuna ayie hapa leo wala kesho.”

“Haa! Umeshasema!” Lornah akashuka na kikapu chake kichwani. “Mimi nimeuliza, unakubali? Wewe ukasema ayie. Akina mama wa kanisa, ninyi watu wa Mungu, mmesikia au hamkusikia?”

Akina mama wakatazamana. Njaa ilikuwa inawauma, na kuku alikuwa ameiva. “Tumesikia,” wakasema.

“Nilikubali kusukuma!”

“Hatukukuuliza kusukuma. Nani amemsikia mtu akitaja kusukuma? Na gari si hili mlangoni? Si ulisema likifika mlangoni?”

“Limefika kwa mikono yangu!”

“Basi umemleta mkwe wako mwenyewe kwa mikono yako. Unataka kukubali namna gani tena?”

Mzee Ouma akaanza kucheka, akashika mgongo, akaendelea kucheka na maumivu yake. Agneta akamtazama mumewe, akawatazama wenzake wa kanisa, akautazama mlango. Dorca alikuwa ametoka, na mkoba wake ulikuwa begani tayari. Nguzo ile ikapumua.

“Lete hiyo kikapu,” akasema. “Lakini hii tairi iliyonimwagia inabaki hapa. Siendi kuozesha mtoto kwa mtu atakayerudi nayo.”

Likatolewa palepale, Oketch na jeki, suruali nyeupe na magoti kwenye matope, mama mkwe amesimama juu yake akihesabu nati kwa sauti. Akafunga spea, akala kuku, akaondoka na mke. Jumatatu alionekana kwa Wakoli, anasema amepita tu, na alipoondoka minyororo ilikuwa nyuma ya pikapu imefunikwa gunia. Kwa Mbarak hakurudi. Mbarak naye aliwaambia wateja kwamba matairi yake hata wakwe wanayagombania.

Lile tairi Agneta alililaza langoni, akalijaza samadi, akapanda sukuma wiki. Akina mama wakauliza kwa nini sukuma, wakati kuna vitunguu. Akawaambia wamuulize mkwe wake. Na hapo ndipo tairi la Oketch lilipoanza kufanya kazi ya majira yote. Masika inaota, kiangazi inaota, na ule mwaka wa ukame, ziwa liliporudi nyuma hata samaki wakaja Kibuye kwa miguu, sukuma ile ilipanda ikapita paa, Agneta akawa anaichuma kwa ngazi, na asubuhi moja akiwa juu kabisa akaona Mwanza yote, na watu wa Mwanza wakampungia mk—

“Mjomba Ogola, ngazi gani? Mimi Oketch nasoma hapa begani kwako, hebu futa hapo. Ilifika magotini, ikaliwa na mbuzi. Na wewe siku ya ayie hata hukuwepo, ulikuwa kwako umelala na malaria. Tena huku juu, hii ya kutoka Kericho, ati niligeuka kuangalia ro—”