Majani ya Bakwiti na Mbuzi Mweupe wa Mama Mkwe

Nawaandikia akina mama wa kikundi chetu, na yeyote anayeumwa miguu. Mimi nilikuwa mzima. Hapa Lobule nilikuwa nalima, nabeba maji, nanyonyesha, na jioni bado nina nguvu ya kugombana na mtu. Nilipozaa mtoto wa pili ndipo mishipa ya miguu ikavimba, ikajikunja kama minyoo chini ya ngozi. Jioni nikawa siwezi kusimama jikoni.

Arua sokoni kulikuwa na mtu mwenye kipaza sauti, anauza mbegu nyeusi za pembe tatu. Aliziita bakwiti. Alisema mbegu ni chakula, unasaga unapika uji, na majani ni dawa ya mishipa, unatwanga unakunywa mpaka miguu ipone. Nimesoma sekondari, lakini sikumuuliza hata swali moja. Sisi tunakula majani ya kunde, ya maboga, ya muhogo. Majani yatanidhuru nini?

Nilipanda nyuma ya jiko. Wiki chache tu yakafika magotini, na maua meupe. Nikawa natwanga, nachuja, nakunywa kikombe kizima asubuhi na kingine jioni. Mama mkwe aliniuliza ni nini ile. Nikamwambia ni mambo yangu. Huyo mama hakunitaka tangu mwanzo.

Siku hizo mbuzi wake wawili walikata kamba, wakaingia bustani yangu wakala sana. Mmoja wao, yule mweupe, akavimba masikio, ngozi ya pua ikachubuka. Mama mkwe alisimama uani akasema kwa sauti kwamba kuna mtu amempa mbuzi wake sumu. Aliniangalia mimi.

Halafu ikaanza kwangu. Nikiwa napalilia muhogo juani, uso uliwaka kama umepakwa pilipili. Masikio yakavimba. Mikono iliwasha mpaka nikajikuna damu ikatoka, na nikiitia kwenye maji baridi, ni sindano tupu. Ndani ya nyumba inatulia, nikitoka juani inaanza tena. Nikajua moja kwa moja: mama mkwe amelipiza mbuzi wake, amenitilia sumu kwenye chakula.

Kwetu anayemkaribisha mgeni huonja kwanza, ili aonekane hana neno. Mtu wa nyumbani haambiwi aonje, ni tusi. Mimi nilimwambia. Alipoleta ugali na kunde nilimrudishia sahani, mume wangu akiona, nikasema, "Onja wewe kwanza." Alibeba sahani yake akaondoka.

Tangu hapo sikula chakula chake. Nilichemsha muhogo wangu, na majani nikaongeza kuwa vikombe vitatu, eti yasafishe sumu. Maziwa yakapungua. Mtoto anavuta, anaachia, analia. Nikafunga nguo niwapeleke watoto kwetu Kuluba. Mume wangu akasema kwanza hospitali. Mama mkwe akapanda boda boda nyingine akatufuata, hakuna aliyemwalika.

Daktari aliniuliza ninakula nini, kuna dawa yoyote ninayokunywa. Nikasema hakuna. Akauliza hata ya kienyeji. Nikasema hakuna. Nilidanganya kwa sababu yule niliyemwona adui amekaa pale, amempakata mtoto wangu.

Mama mkwe ndiye akasema: "Daktari, mbuzi yangu nyeupe iko na ugonjwa hii hii. Ile nyeusi iko sawa. Zote walikula bustani ya huyu, na yeye iko anakunywa ile majani kila siku."

Daktari akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba majani yale ukiyazidisha, ngozi inashindwa kuvumilia jua, na mwenye rangi nyeupe huumia zaidi. Mimi ni mweupe kuliko wengi hapa. "Hakuna mtu amekupa sumu, mama," akasema. "Ulijinywesha mwenyewe."

Niliacha majani, nikakaa kivulini, nikavaa mikono mirefu. Ngozi ilibambuka kama maganda ya kitunguu, mpya ikatokea. Nilipoanza tena kula vizuri, maziwa yakarudi. Miguu naiinua jioni kama nilivyoambiwa, ina nafuu.

Yule wa kipaza sauti nilimfuata Arua. Akasema eti nilikunywa vibaya. Niliyomjibu siwezi kuyaandika hapa.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru hata mbuzi. Dawa ya sokoni, uliza kiasi gani na nani hapaswi kuinywa. Ukiwa mbele ya daktari taja kila kikombe, hata usiyemwamini akiwa amekaa pale.

Mbegu zilizobaki tulivuna, maana daktari alisema zenyewe ni chakula tu, hazina neno. Mama mkwe alizisaga akapika uji. Sijabadilika sana: niliangalia kila alichotia sufuriani, naye aliona ninavyoangalia. Akachukua bakuli langu, akanywa kwanza, akameza, akanisogezea.

"Kunywa, Mama Feta. Mtoto iko na njaa."

Nilikunywa lote. Uso uliniwaka tena, na hapo kivulini hapakuwa na jua, ila aibu yangu.