Nafasi ya Winga wa Kulia

Chuoni kwetu, huko Uganda, michezo haikuwa burudani bali sharti. Ilipotimu saa kumi alasiri vitabu vilifungwa, na kila mwanafunzi alitakiwa kiwanjani: huyu tenisi, yule riadha, mimi mpira wa miguu. Tulipewa jezi, soksi na viatu vyenye njumu, tukafundishwa namna ya kukimbia na hata namna ya kupumzika. Sikuwahi kuona ajabu kwamba mtu aweza kulazimishwa kucheza.

Likizo ya mwaka wa pili nilirudi Temeke, nikamkuta kaka yangu ndiye winga wa kulia wa timu ya mtaa. Alikuwa kuli bandarini. Mazoezi aliyafanya akitoka kupakua magunia, katika muda ule mfupi ambao mpira bado unaonekana. Mechi ya sikukuu ya Idi, dhidi ya vijana wa Kinondoni, aliingojea tangu Shaabani, na alikwisha badilishana zamu na mwenzake ili aicheze.

Nahodha aliponiona nikipiga chenga jioni moja tu, alimwendea kaka, si mimi.

"Bwana, mdogo wako kausomea mpira huyu. Tupe sie, wewe utacheza siku nyingine."

Kaka akanitazama. "Mie nitasemaje? Damu yangu mwenyewe. Acheze."

Ilinipasa kukataa. Nilisema, "Ahsante, kaka," kwa adabu kamili, nikaenda kuvipaka viatu vyangu mafuta.

Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Temeke alilijua: mechi za Idi zilichezwa pekupeku. Nahodha wa Kinondoni aliviona viatu akaangua kicheko.

"Msomi, vua hayo majembe! Umekuja kucheza au kulima?"

Wenzangu hawakubisha, kwa kuwa desturi ni desturi. Nikavua. Nyayo zangu, zilizozoea soksi na ngozi, zilikutana na mchanga wa moto na mbigili. Mpira ulinipita, nami nikausindikiza kwa macho.

"Mshikeni mkono bibi arusi, asije akaanguka!" walipiga kelele watu wa Kinondoni.

Siku zile mchezaji hakubadilishwa, aliyeingia alimaliza. Kaka alisimama kando ya mstari na kanzu yake ya sikukuu, akinielekeza mpaka sauti ikamkauka. Tulifungwa mabao mawili, yote kutokea upande wangu.

Nyumbani alinichokoa miiba kwa pini.

"Huko mnacheza kila siku?"

"Kila siku. Ni lazima."

"Lazima," alirudia polepole, akaushika mguu wa pili.

Juma lililofuata timu ilipangwa upya. Nilidhani nafasi itamrudia mwenyewe. Ikapewa kijana mwingine. Nikamfuata nahodha kumwombea kaka.

"Mtu aliyeweza kuiachia mechi ya Idi, ya nini kumsumbua?" alinijibu. "Apumzike."

"Aliiachia kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani, hilo lenu. Kaiachia."

Kaka alirudi kutoka bandarini akiwa amekwisha ambiwa yote njiani. Alinawa, akaketi, akaivuta sahani.

"Usiende tena kuniombea kwa watu," alisema. "Mie si mgonjwa."

Nilitaka kumwomba radhi, lakini alikuwa ameanza kula.