Nabwire na Picha ya Dunia

Wazee wenzangu wakitaka kukufunza hukumbuka ujana wao. Mimi, mwanangu, siku ninayoikumbuka ni ya juzi tu, nikiwa tayari na mvi zangu kichwani. Usicheke. Uzee nao una shule yake.

Mjukuu wangu Nabwire alifiwa na mama yake, binti yangu aliyekuwa amerudi kwangu, akichukua samaki ziwani, pale Osieko, na kuwauza sokoni Busia. Siku tuliyomzika, mtoto alinivuta leso, mimi nyanya yake, akauliza, "Kukhu, mama ameenda wapi?" Nami kwa uchungu nikaonyesha kidole mbinguni. "Yuko juu. Anakuona." Akanyamaza. Tangu hapo, kila asubuhi akienda shule alisimama uani, akatazama juu, akapunga mkono. Nikajiona nyanya hodari.

Kisha akaja kitindamimba wangu Wandera, anayehangaika na malori pale mpakani Malaba. Akatuonyesha kwenye simu picha zilizopigwa na chombo kilichozunguka mwezi. Mwezi umejaa mashimo usoni, na kule nyuma dunia yetu, kakitu ka buluu, nusu kamemezwa na giza. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nabwire aliishika ile simu muda mrefu.

"Anko, Busia iko wapi hapa?"

"Haionekani. Ni mbali sana."

"Na ziwa?"

"Hata ziwa."

Mtoto akanigeukia. "Sasa Kukhu, kama hata ziwa halionekani, mama ananionaje?"

Nikajifanya natafuta mwiko. Kesho yake alienda shule bila kutazama juu, na jioni ugali akaugusa tu, akasukuma sahani.

Nikachanganyikiwa, mwanangu. Kuuliza si ujinga, nikauliza. Jirani yangu mlokole akasema picha hizo ni za kutengenezwa, nisizitie maanani. Katekista akasema mbinguni si mahali pa kupigwa picha. Nikamwuliza, basi ni mahali gani? Akaniambia niombe. Wandera naye akaapa kwamba picha ni za kweli, tena huko hakuna juu wala chini. Hakuna juu! Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilitoka nje nikatazama mawingu mpaka nikashikwa na kizunguzungu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini zangu siku hizo zilikuwa zimesokotana.

Nikaenda Chakol kwa wifi yangu mkubwa, Mama Emojong, mwanamke asiyejua kubembeleza. Alinisikiliza huku akipepeta wimbi.

"Wewe huko juu ulifika lini?"

"Sijafika."

"Basi nani alikutuma umwonyeshe mtoto mahali mama yake anapokaa? Ulitaka anyamaze, si ndiyo? Akanyamaza. Sasa ameuliza tena, unakimbilia kwa watu."

Nilikasirika sana. Nilirudi nyumbani nimenuna njia nzima, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nabwire nilimkuta akiosha sufuria. Nikaketi chini karibu naye.

"Mjukuu wangu, mama yako yuko wapi, mimi sijui. Nilisema juu kwa kuwa nilikuwa nalia, na wewe ulikuwa unalia. Naamini yuko kwa Mungu. Lakini kwa Mungu ni wapi, sijui."

Alinitazama. "Hata wewe unamtafuta?"

"Hata mimi."

Akanisogezea sufuria moja niioshe. Tukawa tunasugua, kisha akaanza kunieleza jinsi mama yake alivyomfundisha kutoa miiba ya samaki kwa kucha, na jinsi walivyocheka siku paka alipowaibia mboga. Tangu mazishi hakuwa amenisimulia lolote la mama yake. Machozi yalimtoka, nami yakanitoka, na masizi tukajipaka usoni sote wawili.

Zile picha, mwanangu, bado zinanichanganya. Wandera akinionyesha nyingine natikisa kichwa tu. Lakini hili nimelishika, nawe lishike: mtoto akikuuliza jambo zito, usimpe jibu la kumnyamazisha. Unalolijua mwambie. Usilolijua, kiri kwamba hulijui, halafu usiondoke hapo alipo. Nilipokuwa na jibu, Nabwire alimlilia mama yake peke yake. Nilipolikosa, tulimlilia pamoja.

Nenda salama. Mungu akujalie watoto wenye maswali, na siku utakapokosa jibu, akupe moyo wa kuketi nao.