Nani Kaziona?

Karani wa serikali ya kijiji, huko Handeni, alikuwa mama wa sauti ya chini. Kila sentensi aliyoiandika aliirudia kwa kunong'ona, kidole kikifuata mstari. Mwaka wa tisini na sita, wajumbe walipoazimia kupeleka mgambo wakawafukuze wafugaji, eti wanaficha bunduki, aliinua uso.

"Mwenyekiti, nani kaziona?"

 Kila mjumbe alikuwa amesikia kwa mwenzake.

"Mama, wote tumekubaliana. Andika," mwenyekiti akamwambia.

Akaandika. Kesho yake mgambo walimuua mzee Keriako, mmoja wa wafugaji hao, zizini mwake, akimganga ndama. Bunduki haikupatikana hata moja. Karani alikwenda msibani peke yake, akapiga magoti mbele ya mjane.

"Shikamoo, mama. Uamuzi ule niliuandika mimi."