Mkata Nyasi Aliyeshindwa Kutulia

Kwa miaka kumi na mmoja yule mama alikata nyasi kwenye uwanja wa gofu, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kumwona ameketi dakika kumi. Chai aliinywa akiwa amesimama. Akipewa kiti, alikiegemea kwa mkono mmoja, mguu ukipigapiga sakafu. Ndiyo maana wenzake walimpachika jina la Kishada, kile cha karatasi kinachochezewa na upepo, na mwenyewe akalizoea hadi akawa analiitikia haraka kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Mchezo alijifunza kwa kuiba kwa macho. Akisukuma mashine asubuhi, aliwatazama wachezaji wa mapema: wanavyopanga miguu, wanavyozungusha mabega. Jumatatu, klabu ikiwa imefungwa, wafanyakazi waliruhusiwa kucheza kwa fimbo kuukuu zilizotupwa stoo. Mwaka wa kwanza aliukosa mpira mara sita mfululizo, watu wakacheka hadi wakakaa chini. Mwaka wa nne alikuwa akiupeleka mbali kuliko wanaume wengi wa karakana.

Basi mkono alikuwa nao. Kichwa ndicho kilichomwangusha.

Gofu ni mchezo wa kutembea. Unapiga mara moja, kisha unaufuata mpira dakika nne, tano, na katika dakika hizo huna mwenzako ila mawazo yako. Kishada akipiga vibaya, alilicheua lile pigo njia nzima kama ng'ombe. Ningeuweka mguu hivi. Nisingeinua kichwa. Nani aliniambia nitumie fimbo hii? Alifika kwenye mpira moyo uko juu, akapiga kabla hajasimama sawasawa, ukaharibika wa pili, kisha wa tatu. Maji yakimwagika hayazoleki, alijua hilo tangu utoto. Lakini yeye aliyazoa kwa viganja huku akimwaga mengine.

Kila mwaka wafanyakazi walikuwa na mashindano yao, mashimo kumi na nane, na mwenye mikwaju michache kuliko wote ndiye mshindi. Mara ya kwanza Kishada aliondoka uwanjani kwenye shimo la kumi na moja bila kumuaga mtu. Mara ya pili aliitupa fimbo bwawani, kisha ikambidi aingie maji ya kiuno kuitafuta, maana ilikuwa ya kuazima. Mara ya tatu ndiyo iliyomuuma. Alikuwa anaongoza kwa mikwaju minne; kwenye shimo la kumi na nne akatumbukiza mipira miwili majini, akaichana kadi yake ya alama mbele ya watu wote.

Mwalimu wa gofu pale klabuni, mzee mpole, alimwita pembeni baadaye. "Mama, ukikosea, vuta pumzi. Hesabu hadi kumi. Fikiria maji yaliyotulia."

"Maji yaliyotulia ndiyo yaliyomeza mipira yangu, mwalimu."

Mara ya nne mumewe, fundi wa friji, mtu asiyepandisha sauti hata akiungua na waya, alipaswa kumbebea mfuko wa fimbo. Asubuhi hiyo akaitwa kwenye bucha ambalo friji lake lilikuwa limezima na nyama zinaanza kunuka. Akampigia simu dada yake, msusi. Saluni ilikuwa imefungwa siku hiyo, kwa hiyo wifi akaja, amevaa viatu vya kubana na miwani ya jua, hajui gofu hata harufu.

"Mbona watu wamenuna hivi?" alinong'ona walipofika mahali pa kuanzia. "Kuna msiba?"

"Wifi, hapa hatuongei mtu akipiga."

"Na asipopiga?"

"Ongea. Lakini kidogo."

Kishada alipangwa na mpishi wa klabu, mtu mnene, mtulivu, aliyekuwa ameshinda mara nne. Alianza vizuri. Mashimo sita ya mwanzo alikwenda naye bega kwa bega, na wifi alimpigia makofi kila mara, hata pale makofi hayakustahili.

Shimo la saba mpira ulikwenda kombo, ukaingia mitini. Alihesabu hadi kumi. Alipofika nne tayari alikuwa anajibishana na nafsi yake. Aliutoa kwa mikwaju mitatu. La nane akaharibu mapema kabisa, kwa papara. La tisa akakosa kutumbukiza mpira uliokuwa umbali wa hatua moja. Sasa alikuwa nyuma kwa mikwaju mitano, na hatua zake zilikuwa zimegeuka mbio. Wifi alimfuata nyuma, mfuko ukimgonga kiunoni.

"Wewe, unamkimbilia nani? Nimekuuliza kitu mara tatu hunijibu!"

Hakuwa amesikia hata mara moja. Kichwani mlikuwa na kelele kama za mabati kwenye mvua. Kwenye shimo la kumi aliupiga mpira juujuu tu, ukabingirika hatua ishirini ukalala kwenye nyasi, unaonekana na kila mtu. Kishada akaitazama ile fimbo, akaitumbukiza kwenye mfuko uliokuwa begani mwa wifi, akageuka kuelekea banda la mashine.

"Twende."

"Wapi?"

"Nyumbani."

Wifi aliushusha mfuko, akaukalia. "Mimi siendi. Nimeamka alfajiri, nimevaa viatu vinavyonila vidole, halafu nirudi nikamwambie kaka mkeo amekimbia tena? Mwambie mwenyewe."

"Inuka, watu wanatutazama."

"Watazame. Sikia, nikikosea msuko mmoja sifumui kichwa kizima. Naendelea, mteja yuko pale kwenye kioo ananikodolea macho."

"Nywele hazizami majini, wifi!"

Mpishi alikuwa amesimama mbali kidogo, anajikuna shingo, anatafuta pa kuangalia. Kishada akashindwa kwenda na akashindwa kubaki. Alizunguka pale pale, mikono ikifumba na kufumbua. Ndipo jicho lake likaangukia kipande cha nyasi ambacho fimbo ya mpishi ilikuwa imekibandua kwenye pigo lake. Kilikuwa kimelala chali, mizizi juu, na pale kilipotoka palibaki kidonda cha udongo.

Hilo hakuweza kulivumilia. Alikuwa amezikata zile nyasi mwenyewe siku iliyotangulia. Akakiokota, akakirudisha mahali pake, akakibana kingo kwa vidole, akakikanyaga kwa kisigino taratibu. Akaona kingine cha zamani kando yake, kimeanza kukauka. Akachimbua kidogo kwa kucha, akakipanga nacho. Kingine tena. Alipoinuka, magoti yana udongo, aligundua kwamba kwa dakika nzima hakuwa amelifikiria lile pigo.

Hakutulia, asingeweza. Ila ile kelele ilikuwa imepata kazi ya kufanya.

"Nipe fimbo," alimwambia wifi. "Ile fupi."

Akaufuata mpira pale ulipolala, akaupiga; ulipaa, ukashuka karibu na bendera. Wifi aliinuka akavuta pumzi ndefu kana kwamba ndiye aliyepiga.

Toka hapo kila alipopiga, pigo zuri au bovu, Kishada alitafuta cha kutengeneza. Alirudisha nyasi zake na za mpishi, na za watu waliopita juma zima. Kwenye grini, kile kiwanja kidogo cha nyasi fupi kinachozunguka shimo, alipiga magoti na kijiti akinyanyua vibonyeo vilivyoachwa na mipira. Mpishi akaanza kutabasamu.

"Dada, leo umekuja kazini au kucheza?"

"We piga zako. Uchafu wako naufagia mimi."

Wakafika la kumi na nne. Bwawa lilikuwa linang'aa kushoto. Kishada akapiga. Mpira ulianza vizuri, ukapinda, ukaingia majini chubwi. Mpishi aliyekuwa na kumbukumbu nzuri ya mwaka uliopita akausogeza mfuko wake nyuma hatua mbili.

Moto ulimpanda hadi masikioni. Akatazama chini: ardhi pale ilikuwa ngumu, hakuna nyasi iliyobanduka, hakuna cha kutengeneza. Akatembea hadi ukingoni mwa bwawa, na wifi akamfuata mbio akidhani anataka kujitosa. Kumbe ameona magugu. Akaanza kuyang'oa, moja moja, na mizizi yake, huku akilitukana kila gugu kwa sauti ya chini. Aling'oa saba. Kisha akapangusa mikono kwenye suruali, akaweka mpira mwingine, akalipa adhabu ya mkwaju mmoja kama sheria inavyotaka, akaupiga ukavuka maji.

Mashimo matatu yaliyofuata alicheza kuliko alivyowahi kucheza. Walipofika la mwisho alikuwa nyuma ya mpishi kwa mkwaju mmoja tu. Hapo tena akautia mpira kwenye mtego wa mchanga, akautoa kwa mapigo mawili, na baadaye akakosa pigo fupi ambalo hata wifi angeliweza. Mpishi akamaliza mbele yake kwa mikwaju mitatu.

Na mpishi naye hakushinda. Ushindi ulikwenda kwa fundi wa matrekta, mtu mkimya wa kundi la mbele ambaye hakuna aliyemweka hesabuni. Kishada alikuwa wa nne. Akatia sahihi kadi yake, akaikabidhi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alilisimulia lile pigo la mwisho: angeshika hivi, angesimama vile. Wifi alikuwa amelala kwenye kiti cha gari. Mumewe aliwapokea mlangoni ananuka mafuta ya mashine.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yote kumi na nane?"

"Yote. Usinitazame hivyo, nimekuwa wa nne."

"Sijasema kitu, mke wangu," alisema, na akageuka upesi kuficha meno.

Mwaka uliofuata alikuwa wa pili, na uliofuata tena wa sita. Hajawahi kushinda, na pigo baya bado linamkosesha usingizi. Lakini kuondoka kabla ya mwisho hakuondoka tena, na habari zikaenea. Siku moja mwalimu akamletea mwanasheria, mwanachama mpya aliyekuwa ameivunja fimbo yake kwenye mti. Kishada hakumwuliza neno. Alimpa kijiti, akampeleka grini ya tatu, akamwonyesha jinsi ya kunyanyua vibonyeo.

Yule bwana alifanya robo saa nzima, amepiga magoti, suruali nyeupe, ananung'unika. Hatimaye akainua uso.

"Mama, hii inasaidia kweli?"

"Grini inasaidika," alimjibu, tayari anaondoka na mashine yake. "Wewe, sijui. Umeruka kimoja hapo kushoto."