Hiyo "Tu" ni Nani?

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata sekondari, miaka hiyo ya tisini, nilisoma ile ambayo ukiwa darasani unaona moshi wa jikoni kwetu, nje kidogo ya Homa Bay. Kwa hivyo mwalimu wa Historia alipotufundisha habari za wanawake walioongoza vyama vya wafanyakazi, kisha akataka tuigize mgomo, mimi nikapewa kuwa mvunja mgomo.

"Huyu ana sura ya mtu wa kukimbilia chakula kwao," akasema. Nikacheka na wenzangu. Ningefanyaje?

Mwenyekiti wa chama akawa msichana mmoja wa kutoka Kisegi. Tuliigizia nyuma ya jiko la shule. Mpishi, mama tuliyemwita Mathe, akatutazama dirishani huku akisonga ugali. Kazi ile ndiyo iliyowalisha watoto wake.

"Wafanyakazi, mnasemaje?" mwenyekiti akauliza.

Tukanong'ona kama watu wa matangani. Mathe akatuonea huruma, akapaza sauti yeye: "Tumegoma. Mshahara kwanza, ugali baadaye."

Tukampigia makofi. Mwalimu mkuu, ambaye zamani alifundisha Kiswahili, alikuwa anapita.

"Hiyo 'tu' ni wewe na nani?"

"Ni mchezo tu, Mwalimu. Nasaidia watoto."

"Watoto wanasoma. Wewe unasomea nini?"

Mwalimu wa Historia akaanza kutafuta chaki mfukoni. Mathe angesema "wamegoma", angebaki na mwiko wake. Sisi ambao ngeli zilitushinda, kila kitu kwetu ni "hii" na "hizi", tukajua siku hiyo kwamba kiambishi kinaweza kumfukuza mtu kazi.

Mchana alikuwa ameshavuliwa aproni. Akaja kwenye dirisha la darasa na kikapu chake. Mathe hakumwangalia hata kidogo mwalimu wa Historia. Alimtafuta msichana wa Kisegi.

"Nyathina, mwanangu, si wewe ndiye mwenyekiti? Sasa nifanye nini?"

Mmoja akacheka kule nyuma, halafu darasa zima. Msichana akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anafuta ubao, wala hakugeuka.

"Mama, hilo haliko kwenye silabasi."

Tukacheka zaidi. Mathe naye akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyetupiwa mzaha asiouelewa, akabaki pale dirishani akingoja jibu lenyewe.